Seva ya Kwanza Iko Chumbani kwa Baba Mkwe

Jina la tovuti yangu siwezi kulitamka. Kuliandika naliandika, tena haraka kuliko ninavyoandika la kwangu, lakini kulitoa mdomoni hapana, kwa sababu ni jina la baba mkwe wangu, na ukweni kwangu mke wa mtoto hataji jina la mkwewe wala haingii chumba anacholala. Kwa hiyo mteja akipiga simu kutoka Dodoma, "Dada, hiyo tovuti yenu inaitwaje?" namjibu, "Kata simu nikutumie meseji." Wengine wanadhani nina kigugumizi. Wengine wanadhani ni tapeli. Muuzaji asiyeweza kutaja duka lake! Mungu ambariki aliyelichagua jina hilo, na kwa kuwa namjua, ambariki polepole.

Aliyelichagua ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, fundi simu hapa Singida mjini. Mimi nilitaka jina lenye neno kuku, maana kuku ndicho tunachouza: kuku wa kienyeji, mayai na vifaranga, vyangu na vya akina mama wa mtaani kwetu. Shemeji akasema jina la kuku halina heshima, ukoo una jina lake. Mume wangu ni dereva wa lori, na hukubaliana na yeyote aliyezungumza naye mwisho. Aliyezungumza naye mwisho hakuwa mimi.

Tovuti yenyewe inakaa sebuleni kwangu, na hapo siongei kwa mafumbo. Iko ndani ya kompyuta ya mezani niliyoachiwa wakati steshenari niliyokuwa nafanyia kazi ilipofungwa. Nimeiweka pembeni ya kabati la vyombo, juu nimeifunika kitambaa kwa ajili ya vumbi la upepo wetu, nyuma nimeiacha wazi ipumue. Nikalipia intaneti yenye anwani isiyobadilika, nikasoma, nikaharibu, nikarudia, huku mtoto ananing'inia kifuani. Kidato cha nne changu kilitosha. Walioniuliza kwa nini nisiilipe kampuni initunzie tovuti niliwajibu kwamba vya kulipia kila mwezi ninavyo tayari: maji, umeme na uvumilivu.

Sasa mtoto. Binti yangu alikuwa anakaribia umri wa kuacha kunyonya, na ukweni kwangu, kule Mungaa, mtoto anayeachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi. Ni vizuri, anasahau. Tatizo ni kwamba katika nyumba ile anayepelekwa kusahau ziwa, naye husahauliwa huko huko. Mtoto wa kwanza wa shemeji alipelekwa kuachishwa. Leo anachunga mbuzi, na akimwona mama yake mzazi anamwita "shangazi." Kwa hiyo mama mkwe alipokuja mjini, akakaa kwenye kochi langu, akaitazama kompyuta yenye kitambaa kama mtu anavyotazama mlevi aliyelala mlangoni, nilijua kinachokuja.

"Hii ndiyo kazi?" akauliza.

"Ndiyo mama."

"Inakaa kimya."

"Ndivyo inavyofanya kazi, mama."

"Mm. Na mtoto analia, na wewe unaitazama." Akanywa chai yake mpaka ikaisha. "Sikiliza. Mimi si mtu mbaya. Alizeti zikivunwa mtakuja nyumbani, tutakaa. Kama hiki kitu ni kazi, tutaona. Kama si kazi, mtoto abaki na mimi, na wewe ukitaka uje ulime."

Si mtu mbaya. Nimelirudia hilo moyoni mara nyingi, hasa nikiwa nasaga meno. Basi shida yangu ikawa hiyo moja: watu waifungue tovuti, waagize kuku, mpaka alizeti zivunwe, ili mtoto wangu aendelee kuniita mama.

Na hapo ndipo shemeji alipokuja kunisaidia. Mtu akikwambia "nimekuja kukusaidia, shem" na mkononi ana soda aliyoichukua kwenye friji yako, kimbia.

Niwaeleze kidogo tulichokuwa tunachagua, maana bila hilo mtadhani nagombana kwa sababu nina tabia hiyo. (Ninayo, lakini siyo hoja.) Kompyuta za dunia hazijui majina, zinajua namba. Mtu akiandika jina la tovuti, simu yake inakwenda kuuliza: jamani, huyu anakaa wapi? Ni kama mgeni anayeshuka stendi akauliza kwa fulani ni wapi. Lazima awepo mtu wa kumjibu. Huyo wa kujibu ndiye seva ya DNS. Hauzi kuku, hajui bei ya trei ya mayai, kazi yake ni kunyoosha kidole tu: kule. Asipokuwepo, hata uwashe taa juu ya paa, mgeni hafiki kwako.

Kampuni tuliyonunua jina kwao wanazo seva zao za DNS, wanakupa bure, unachotakiwa kufanya ni kutogusa kitu. Mimi, kwa uvivu wangu wa kunyonyesha, nilitaka hivyo hivyo. Nisiguse.

"Shem," shemeji akasema, uso umemkunjamana kama amesikia msiba, "jina la mzee umwachie mtu baki alitunze?"

"Halitunzi. Anaelekeza njia tu."

"Siku akiamua kuelekeza watu kwingine?"

"Kwingine wapi? Kwa mzee mwingine?"

Hakucheka. Akaniambia kazi tuifanye wenyewe, kwa seva zetu wenyewe, na ziwe mbili, tena sehemu mbili tofauti, ili moja ikifa nyingine ijibu. Na sitamnyima haki yake: hilo la mbili, sehemu mbili, ni kweli, hata mimi nilikuwa nimelisoma. Ndiyo maana nilinasa. Mtu anayesema uongo mtupu unamkamata mlangoni. Huyu alianza na ukweli, nikamkaribisha mpaka ndani.

Moja ikae kwangu mjini. Nyingine? Nyumbani, Mungaa, umeme upo. Sawa. Kwenye ukurasa wa kampuni kuna visanduku viwili vya kujaza, seva ya kwanza, seva ya pili. Nikaanza kuandika ya kwangu kwenye kisanduku cha juu.

"Subiri," shemeji akasema. "Mzee awe wa pili?"

"Haina maana yoyote. Wanaouliza wanauliza yoyote kati ya hizo mbili, hawafuati nani yuko juu."

"Kwenye jina lake mwenyewe? Awe chini ya mkamwana wake?"

Akampigia mume wangu, akaweka spika. Mume wangu alikuwa safarini, pale Mkiwa, amesimamisha lori anakula. Nilisikia kabisa anavyotafuna.

"Kaka, mkeo anamweka mzee wa pili."

"Wa pili kwenye nini?"

"Kwenye jina lake."

Kutafuna kukakoma. "Mama nanii, hebu usituletee maneno."

"Baba nanii, nimesema haina maana nani wa kwanza nani wa pili!"

"Sasa kama haina maana, unabishia nini?"

Nimesoma mambo mengi kuhusu mitandao, na sijaona popote jibu la swali hilo. Nikafuta. Nikaandika Mungaa juu. Mzee akawa wa kwanza.

Ikabaki swali la mahali. Sebuleni kwa wakwe kuna kuku na wajukuu, na haieleweki wapi kuku wanaishia na wajukuu wanaanzia. Jikoni moshi. Chumba chenye kufuli ni kimoja, cha mzee. Shemeji akasema safi kabisa, usalama wa hali ya juu. Nilikaa barazani kwa wakwe nikaandaa kile kikompyuta, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya kufulia, na rauta yake, nikavipanga, nikavijaribu, vikajibu vizuri. Kisha shemeji akavibeba kwa mikono miwili kama sahani ya ugeni, akaingia navyo chumbani. Mimi nikabaki nje, natazama pazia. Kuanzia hapo mashine ambayo mtu pekee anayeielewa ni mimi ilikuwa mahali pekee duniani nisipoweza kuingia. Mtu ukimwambia apange ujinga kwa makusudi hawezi kuupanga vizuri hivyo.

Mzee mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake upande wa pili wa baraza, mgongo umenielekea kidogo kama adabu inavyotaka. Sisi wawili hatuongei uso kwa uso. Tukiwa na jambo tunampitishia mtoto. "Mjukuu, mwambie mama yako chai imekolea." "Mwambie babu asante." Mtoto ana mwaka na miezi kadhaa, anaitikia "kuku," na kila mtu anakuwa amesikia. Siku hiyo hakupitisha chochote.

Haikuchukua muda. Wateja wakaanza kulalamika. Tovuti mara inafunguka, mara inazunguka weee mpaka mtu anaichoka. Mama mmoja mwenye hoteli Dodoma, aliyetaka kuchukua kuku kwetu kila wiki, akanipigia.

"Mdogo wangu, mbona duka lako linafungwa fungwa kama la mtu anayekimbia wenye kodi?"

"Dada, ni mtandao."

"Mtandao wa wenzako mbona unafunguka?"

Nikakagua. Ya mjini inajibu. Ya Mungaa, kimya kama imefiwa. Yaani baadhi ya wageni wakishuka stendi wanaanza kumuuliza mzee, mzee hajibu, wanasubiri, wanasubiri, wengine wanakumbuka kuniuliza mimi, wengine wanapanda basi wanarudi. Nikampigia mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ameacha ziwa?"

"Bado mama. Samahani, ile mashine chumbani kwa baba, taa zake zinawaka?"

"Baba yenu katoka."

"Basi labda ungechungulia tu..."

"Kafunga. Ufunguo katembea nao."

Kesho yake mzee yupo, lakini amejipumzisha. Siku nyingine yupo, hajalala, ila ana mgeni. Na kila nikiongea na mama mkwe nasikia nyuma yake vifaranga, pii pii pii, vifaranga vyenye balbu ya joto, balbu inayohitaji soketi. Haya. Nikajua. Roho yangu ikatulia kwa namna mbaya, jinsi roho inavyotulia ikipata wa kumchukia. Anachomoa, nikasema, ili apate soketi. Tena anachomoa makusudi, ili tovuti ife, ili ampate mtoto. Nilipika ugali siku hiyo nikiupiga mwiko kama umenikosea.

Shemeji akaenda Mungaa kuangalia. Akanipigia akiwa huko, sauti ya daktari.

"Shem, nimeikuta inawaka."

"Inawaka?"

"Taa zote. Tatizo litakuwa huko kwako. Hilo likompyuta lako la steshenari."

Na kweli, nilipokagua ilikuwa inajibu. Alipopanda bodaboda kurudi, ikafa. Akaenda tena, ikafufuka. Akaondoka, ikafa. Nikaanza kuwaza labda inampenda.

Yule mama wa hoteli akanitumia meseji moja fupi kwamba anajaribu kwa mtu wa Manyoni. Mashambani alizeti zilikuwa zimeinamisha vichwa. Binti yangu alikuwa amejifunza kuninyooshea mikono na kusema mama, mama, mama, neno lenyewe kabisa, na mimi namtazama nawaza: la nani hilo, langu au la bibi yako?

Nikafungua ukurasa wa kampuni. Paswedi ninayo mimi, kwa sababu siku ya kununua jina barua pepe ya shemeji ilikuwa imejaa picha zake mwenyewe, tukatumia yangu. Nikafuta Mungaa. Nikafuta na ya kwangu, nisije nikaambiwa nimempendelea mtu. Nikaweka zile seva za bure za kampuni, zile za watu baki, ambazo ningekuwa nazo tangu mwanzo kama ningeachwa na uvivu wangu. Sikumwambia shemeji. Sikumwambia mume. Mabadiliko yalichukua muda kuenea, halafu tovuti ikaanza kufunguka, ikaendelea kufunguka, ikawa kitu cha kawaida. Mama wa hoteli akarudi, bila kusema samahani, na mimi bila kuidai. Mtu wa Manyoni kuku wake walikuwa wa kizungu.

Alizeti zikavunwa. Tukaenda Mungaa, mimi, mume na mtoto. Shemeji akawa ametangulia. Baada ya kula tukakaa barazani. Nilikuwa na simu yangu, na oda, na akina mama waliokuwa tayari kupigiwa simu kunishuhudia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kesi ya kazi kufa. Mama mkwe akaanza na kesi ya kazi kupona.

"Nasikia wateja wanakuja," akasema.

"Wanakuja, mama," nikajibu, nikiwa tayari nimechanua.

"Tunamshukuru Mungu. Na mashine kubwa, ile ya kwanza, si iko hapa?"

Shemeji akaitikia kabla yangu. "Iko hapa, mama. Bila hiyo hakuna kitu."

"Wateja wanapita hapa kwanza, sivyo?"

"Wote, mama."

"Basi kazi iko hapa," akasema mama mkwe kwa upole kabisa. "Mama yake akipenda afuate kazi. Asipopenda, mtoto abaki kazi ilipo. Mimi naona hivyo."

Nikamgeukia mume wangu. Akasema, "Kwa kweli, ukiangalia..." Sitamalizia, maana yeye mwenyewe hakumalizia. Nilimwangalia.

Hivi mnaona? Ikifa, mtoto anabaki. Ikipona, mtoto anabaki. Nikamnyanyua binti yangu nikamsimamisha katikati ya baraza, akimwelekea babu yake, kwa sababu hata nikiwa na hasira za kubomoa nyumba nilijua adabu yake inavyokwenda.

"Mwambie babu," nikasema kwa sauti, "anisamehe sana. Ile mashine ya chumbani kwake haileti mteja yeyote. Niliitoa kwenye jina kabla alizeti hazijavunwa. Tovuti ilikuwa inakwama kwa sababu yake. Wanaojibu sasa hivi ni watu baki, hata siwajui, na tangu waanze kujibu haijakwama. Mwambie babu sikumtoa kwa dharau. Nilimtoa kwa sababu kuna mtu alikuwa anaichomoa." Na hapo nikawaangalia vifaranga, kisha mwenye vifaranga.

"Kuku," akasema binti yangu.

Shemeji akaruka. "Umemtoa mzee kwenye jina lake?"

"Mimi nichomoe?" mama mkwe akasema. "Mimi? Vifaranga vyangu viko jikoni kwenye soketi yao, njoo uone! Chumba chenyewe anafunga!"

Wakawa wanaongea wote. Mzee akakohoa, wakanyamaza.

"Mjukuu wangu," akasema mzee, anaangalia uani, "mwambie mama yako aliyechomoa ni mimi."

Nikageuza macho kutoka kwa vifaranga.

"Nilikichomoa siku ile ile walipokileta. Kina taa. Kinakonyeza. Mimi mtu mzima, navua shati, kitu kinanikonyeza. Nazima taa ya chumba, chenyewe kinaendelea. Nikageukia ukutani, kikawa kinakonyeza ukuta." Akasugua goti. "Mwambie pia, baba yako mdogo akija nasikia bodaboda yake toka mbali, nakichomeka. Akiondoka nakichomoa."

"Sasa baba," shemeji akasema, sauti imemwishia, "mbona hukusema?"

"Mlisema ni heshima yangu. Mtu anakataaje heshima yake?"

Jamani. Nilikuwa nimemchukia mwanamke wa watu msimu mzima kwa ajili ya balbu isiyo na hatia. Nikataka kucheka, nikakumbuka niko ukweni, nikacheka.

"Mjukuu, muulize mama yako. Hao watu baki wanajibu vizuri?"

"Mwambie babu wanajibu vizuri."

"Jina langu hawaliharibu?"

"Hawaliharibu."

"Basi waachwe wajibu wao. Mimi huku nimeulizwa maswali ya kunitosha." Kisha akamgeukia mke wake, na hapo hakupitia kwa mtoto. "Mama, wewe ulisema mtoto abaki kazi ilipo. Nakubali. Kazi iko wapi?"

Mama mkwe akajifunga upya kanga yake. Si mtu mbaya, lakini si mtu wa kushindwa haraka. "Na kumwachisha ziwa?" akasema.

"Ziwa la nani?" mzee akauliza.

Langu, na pale barazani kila mtu alikuwa analijua hilo.

Shemeji akaingia chumbani akatoka na kikompyuta na rauta, safari hii kwa mkono mmoja. Nilivipakia kwenye beseni pamoja na mahindi ya kuchoma na kuku wawili ambao mama mkwe alinipa bila kuniangalia. Tukarudi mjini, mtoto kwenye mapaja yangu anatafuna waya wa rauta njia nzima, na mume wangu akisema alijua toka mwanzo.

Ziwa nilimwachisha mwenyewe, kwa kulipaka shubiri chungu, na kelele zake mtaa mzima unazijua. Siku hizi anaongea. Mimi jina la tovuti bado silitamki. Lakini yeye ni mjukuu, hana mwiko na jina la babu yake, kwa hiyo nimemfundisha. Mteja akipiga simu kuuliza inaitwaje, namwekea simu mdomoni. Analitaja lote, kwa kelele za mtu anayeuza samaki, halafu anamwomba mteja pipi.